Swala Aliyekufa Kabla ya Baba Kufika

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza Baba kupeleka mapazia Midrand, kwenye moja ya zile ofisi za vioo zilizojizungushia uzio wa umeme kana kwamba ndani wanafuga dhahabu. Hawafugi dhahabu. Wanafuga swala, naapa. Walikuwa wanazurura kwenye majani yaliyomwagiliwa maji, katikati ya Agosti, wakati Johannesburg yote imekauka mpaka midomo inapasuka ukicheka. Mmoja akainua kichwa akaniangalia. Ule uso naujua: mweupe kuanzia chini ya pembe hadi puani, kama mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye ndoo ya chokaa. Watu wa hapa wanamwita blesbok. Nyumbani kwetu tulimwita Uso-Chokaa. Nilimchukia hapohapo, yeye na majani yake ya bure.

Halafu mlinzi akatoka kibandani kuja kuandika namba ya gari, nikamsahau swala. Alikuwa jirani yetu wa zamani.

Baba akaangalia mbele. Jirani akaangalia namba ya gari, gari ambalo anaijua hata harufu ya viti vyake. Akaandika, akainua mti wa geti, tukapita. Hakuna aliyesema hata "habari". Wanaume wawili wenye mvi, wamenuniana kama watoto wa chekechea waliogombania kalamu ya rangi, na mimi nimekaa kando ya Baba na sare ya shule kwa sababu nilitoka moja kwa moja kwenye masomo ya ziada. Baba alipopanda juu na mapazia yake nilibaki garini peke yangu, nikakumbuka, na kila nilivyokumbuka ndivyo hasira ilivyopanda. Kaa hapa nikusimulie, rafiki yangu, tukasirike wote.

Tulikuwa tunaishi La Rochelle, ua mmoja wa vyumba vya kupanga: bomba moja, kamba moja ya nguo, na nyuma kabisa jiko la nje, yaani pipa lililopasuliwa katikati likawekwa wavu. Sisi chumba cha kushoto, yeye na mkewe cha kulia. Baba ni mtu wa Tanga. Jirani ni mtu wa Lubumbashi. Kiswahili chao kiligongana ukutani siku nzima. Bibi, mama yake Baba, siku alizokuwa kwetu alisema Kiswahili cha jirani kimevaa shati ndani nje. Jirani alisema cha Baba kinasoma taarifa ya habari. Lakini jioni moto ulikuwa mmoja. Mama anakaanga samaki huku, mke wa jirani anasonga bukari huku, ugali wao mlaini wa Kikongo, na mimi nazunguka na sahani kama mkaguzi wa afya, naonja kila sufuria kwa niaba ya taifa.

Na kila mwaka, baridi inapokaribia kuisha, walikwenda kuwinda.

Usicheke. Nje ya mji, upande wa kusini, kulikuwa na ardhi ya umma, nyika tupu yenye vilima, na kabla msimu wa uwindaji haujafungwa watu wenye kibali waliruhusiwa kupunguza wanyama. Jirani alikuwa na bunduki yenye leseni na shabaha ya kutisha. Alilelewa porini na baba yake. Lakini hakuwa na gari. Baba alikuwa na pikapu na kisu, lakini bunduki angeipiga angejiua mwenyewe. Basi wakahitajiana. Shida moja tu: nyama ililiwa na nyumba zote mbili, na kwetu sisi Waislamu kisu lazima kifike kabla roho haijatoka. Kwa hiyo wakawa na utaratibu wao. Jirani anampiga swala kwenye bega, siyo shingoni, ili aanguke lakini aendelee kupumua kidogo, na Baba anatimua mbio na kisu, anataja jina la Mungu, anachinja. Ndiyo, Baba ndiye aliyekuwa mkimbiaji. Baba mwenye lile tumbo.

Jirani ndiye aliyenifundisha kupima. Alisema usimshike mnyama aliyelala kabla hujaokota unyasi mkavu ukamgusa jicho. Aliye hai atapepesa, hata kama anajifanya amekufa. Mimi nilipima paka wote wa mtaa. Nilimpima na mwalimu wa madrasa siku aliposinzia darasani. Alikuwa hai, tena sana.

Mwaka ule nilikuwa nimehitimu msahafu. Bibi alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea kidogo, akaona tunavyoishi, akakataa kuondoka mpaka aturekebishe. Alisema mjukuu wake hawezi kuhitimu kwa kuku wa friza. Akaalika akina mama wote wa Kitanzania wa Fordsburg, akawatangazia pilau ya swala, halafu akaanza kutwanga. Mdalasini, hiliki, pilipili manga, thomu. Ua mzima ulinukia. Ile ilikuwa sherehe yangu, unaelewa? Yangu mimi. Kwa mara ya kwanza ningekaa kwenye kiti kikubwa, nimepakwa hina, watu wazima wananipa hongera badala ya kunifukuza. Na ilibaki Jumamosi moja tu kabla ya msimu kufungwa.

"Na wewe nenda," Bibi akaniambia. "Ukamsukume baba yako."

Alfajiri kioo cha gari kilikuwa na barafu, tukakimwagia maji ya birika. Tulibanana mbele watatu, heater inatoa upepo wa baridi zaidi kuliko nje. Pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya mwisho kabla ya barabara kuu, jirani akasema:

"Muzee, mwaka huu sitapiga ku bega. Ule wa mwaka jana alikimbiaka na risasi mwilini, nikamufwata mpaka jua inazama. Alikuwa analia. Mi sitaki tena. Nitapiga ku shingo, aanguke palepale, basi."

Baba akacheka. "Wewe piga unapotaka. Mimi nakimbia."

"Weye haukimbiake. Weye unatembeaka na hasira."

Tukacheka wote, na hapo ndipo upumbavu wote ulipozaliwa. Mmoja alikuwa anasema kweli, mwingine akadhani ni utani, na mimi nilikuwa nahesabu wageni wa sherehe yangu.

Nyika ilikuwa ya manjano, na mahali palipochomwa ilikuwa nyeusi tii, inanuka majivu baridi. Upepo wa Agosti unakuingia masikioni kama sindano. Baba alikuja na viatu vya kuendea msikitini, soli ya ngozi tupu, vinateleza kwenye kila jiwe. Kisu kimefungwa kwenye kipande cha kanga ya Bibi. Tulilala kifudifudi nyuma ya kichuguu, mbele yetu kundi la Uso-Chokaa linakula bila habari. Jirani akavuta pumzi, akaiachia nusu.

Mlio ulipasua asubuhi. Kundi likatawanyika. Mmoja hakutawanyika.

"Kimbia!" nikamwambia Baba, na nikakimbia mimi. Nilimpita kabla hajamaliza kusimama. Nilifika nikihema, nikaokota unyasi, nikamgusa jicho. Jicho lilikuwa jeusi, linang'aa, na ndani yake nilijiona mimi mwenyewe nimeinama. Halikupepesa. Nikagusa tena. Wapi.

Baba akafika mwishowe, jasho, kiatu kimoja hakipo, akalitaja jina la Mungu kwa sauti iliyokwisha pumzi, akachinja. Damu ilitoka polepole, kama maji ya bomba letu la La Rochelle asubuhi.

"Mguu umetikisika!" akasema. "Umeona? Umetikisika. Wewe ulikuwa wa kwanza. Sema, alikuwa hai?"

Jirani naye akafika. Wote wawili wananiangalia mimi. Sherehe yangu, kiti changu, pilau yangu, vyote viko mdomoni mwangu. Na mimi, kisirani mkubwa, mtoto niliyekuwa nadanganya hata kuhusu kupiga mswaki, siku hiyo ndiyo nikachagua kusema kweli.

"Amekufa, Baba. Nimemgusa jicho."

Jirani angenyamaza tu, mambo yangeisha. Lakini angenyamazaje?

"Si nilikuambiaka?"

"Umenifanyia makusudi!" Baba akamgeukia. "Unajua mama yangu amealika watu!"

"Mi nitese munyama juu ya pilau ya mama yako?"

"Usimtaje mama yangu! Usimtaje kwa huo mdomo wako!"

"Basi nimutaje na nini? Na pua?"

Ningecheka, lakini Baba alikuwa bado ameshika kisu. Akakifuta kwenye majani, akakifunga kwenye kanga. Kisha akasema taratibu, na huo utaratibu ndio uliniogopesha: "Gari langu halibebi mzoga."

"Mzoga? Hii nyama iko safi kuliko gari yako na weye ndani!"

"Ingia garini," Baba akaniambia.

Akamwacha. Rafiki yangu, alimwacha kweli. Niligeuka nikamtazama kupitia kioo cha nyuma: mtu mmoja kwenye nyika ya manjano, bunduki begani, swala miguuni, anazidi kuwa mdogo. Hakutupungia mkono, wala hakutukana. Angetukana ningejisikia vizuri zaidi.

Nyumbani Bibi hakumuuliza Baba kitu. Aliniuliza mimi. "Jicho lilipepesa?"

"Halikupepesa."

"Basi ni chakula cha wenyewe, siyo chetu. Tutapika kuku." Akafunika kinu. "Na mwenye nyama yuko wapi?"

Baba akasafisha koo. "Nimemwacha hukohuko."

Bibi akavua kandambili. Hapo ndipo nilipoona jinsi Baba anavyoweza kukimbia. Alizunguka pipa, akaruka ndoo, akapita chini ya kamba ya nguo bila kugusa hata soksi. Kama angekimbia hivyo asubuhi tungekula swala.

Jirani alirudishwa mchana na gari la walinzi wa ile nyika. Akashusha swala wake, akamtundika, akaanza kuchuna bila kuangalia upande wetu. Kesho yake wageni wangu walikuja na mabuibui yao mazuri, wakakuta pilau ya kuku, na moshi wa nyama ya swala unapeperuka kutoka kwenye pipa moja kwa moja hadi kwenye kiti changu kikubwa. Mama mmoja alinusa, akaniuliza, "Mwanangu, hii siyo ile tuliyoahidiwa?" Nilitamani kumtumbukiza kwenye sufuria.

Lakini hilo nimelisamehe. Nisilolisamehe ni hili. Katikati ya sherehe mke wa jirani aligonga mlango na sahani: bukari na sombe, majani ya muhogo aliyoyapika peke yake, kwenye sufuria yake ndogo, bila nyama hata chembe, ili tuweze kula. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. "Nimemuletea mutoto, juu ya siku yake," akasema. Mimi nimeshanyoosha mikono yenye hina. Baba akaipokea sahani, akaangalia, akamrudishia. Mbele ya watu wote. "Tumeshiba," akasema.

Hatukuwa tumeshiba. Mimi sijashiba hadi leo.

Kabla mvua za kwanza hazijanyesha walihama. Pipa walituachia, na sisi hatukuliwashia moto tena. Likajaa maji, likaota kutu, mwenye nyumba akalitupa. Siku hizi tunakaa Fordsburg, ghorofani, kila mtu anapika amefunga mlango na feni inavuta harufu, usije ukajua mwenzio anakula nini. Ile nyika nayo wameifunga, hakuna anayewinda. Sijasikia tena mtu akigombana na mwenzake kwa Kiswahili cha ndani nje kuhusu chumvi. Bibi alirudi Tanga, na kila akipiga simu anamuuliza Baba swali moja: "Umemtafuta?" Baba anasema mtandao unakatika.

Basi, kule Midrand Jumamosi iliyopita, Baba akashuka kutoka juu, akaingia garini, tukarudi getini. Jirani akatoka kibandani. Mti wa geti ukabaki chini. Baba akakodolea macho barabara, uso mkavu, hata kupumua sikumsikia. Jirani akamchunguza kupitia dirisha, akainama, akang'oa unyasi mkavu pembeni ya lami, pale maji ya wale swala hayafiki. Akanipitishia mbele ya kifua cha Baba.

"Mutoto, umekuwa murefu. Bado unajua kupima?"

"Najua."

"Pima huyu."

We, ulitaka nikatae? Nilimgusa Baba jicho. Akapepesa, akaruka, akagonga kichwa juu. "We mtoto una wazimu?"

"Anapepesa," nikatoa taarifa.

"Kumbe iko muzima," akasema jirani. "Mi nilijua alikufaka ile siku."

Mti wa geti ukapanda. Gari la nyuma likapiga honi. Baba alikuwa na nafasi ya kuondoka, lakini hakuondoka. Akakiambia kioo cha mbele, kwa sauti ileile ya taarifa ya habari:

"Mama yangu anakusalimia."

Jirani akalinyooshea mkono gari la nyuma lisubiri. Honi ikapigwa tena. "Nimemusikia," akasema. "Mwambie na mi niko muzima."

Baba akaondoa gari kwa fujo mpaka kitambaa cha sampuli kikaniangukia. Bado nimewakasirikia wote wawili, usidhani nimelainika. Wananidai kiti kikubwa na sahani moja ya sombe. Njia nzima hadi mjini Baba alikuwa ananifokea kwamba nimemtoboa jicho, huku anapangusa macho kwa mkono wa shati. Mimi nilimgusa la kushoto tu. Alikuwa anapangusa yote mawili.