Chupa Nne Zilizosimama

Mume wangu aliwahi kufanya kazi Nairobi, kwenye jumba la kuchezea bolingi. Aliporudi kwetu Kitale alibeba mifuko miwili: mmoja wa nguo, na mwingine wenye tufe kuukuu lenye matundu matatu ya vidole. Mimi nilikuwa natarajia sufuria. Leo nashukuru kwamba hakuleta sufuria.

Kila mwaka, mahindi yakishauzwa, stoo yetu ilibaki tupu. Tulifagia sakafu ya saruji, tukapanga chupa kumi za plastiki zenye mchanga kidogo: moja mbele, kisha mbili, tatu, na nne nyuma. Mchezo una raundi kumi, na katika kila raundi unarusha tufe mara mbili ili uziangushe. Ukiziangusha zote mara ya kwanza, hiyo ni straiki: unapata alama kumi, moja kwa kila chupa, halafu unaongezewa chupa utakazoangusha katika mirusho miwili inayofuata. Ukizimaliza kwa mrusho wa pili ni spea, na nyongeza ni ya mrusho mmoja tu. Ukikanyaga mstari wa kurushia, hupati kitu. Na chupa iliyoangushwa kwa mkono haihesabiwi.

Mimi niliishia darasa la saba, na hizo nyongeza zilinisumbua.

"Si unaniibia, bana," nilimwambia.

"Nikuibie wewe? Hata bila kuiba nakushinda."

Ni kweli. Sikuwahi kumshinda.

Mwaka alioumwa bado tulicheza. Alikuwa akirusha, anaegemea ukuta, anarusha tena. Siku moja nilimaliza na alama mia moja na kumi na moja, nyingi kuliko siku zote. Yeye alikuwa na tisini na tano, amebakiza raundi ya kumi. Akapiga straiki. Ukipiga straiki katika raundi ya mwisho, unapewa mirusho miwili palepale. Wa kwanza uliangusha chupa sita.

"Tuko sawa!" nilisema.

"Chupa moja tu inatosha kukunyamazisha, mama." Kisha akaketi juu ya magunia matupu. "Hizo nne ziache hapo. Nikipumzika nitarudi."

Hakurudi. Tulimzika kwao Bungoma. Siku ya kunyolewa nywele, ya kumaliza matanga, wazee waliuliza kama kuna mtu mwenye deni au jambo lililobaki na marehemu. Niliwaza zile chupa.

Shemeji yangu, mdogo wake, alinisindikiza hadi Kitale. Mchezo aliujua. Alipoziona chupa, nikamweleza tulipofikia.

"Nimrushie ndugu yangu, shemeji?"

"Mtu harushiwi."

"Basi mpe sifuri, mmalize sare."

"Sifuri ni ya aliyerusha akakosa. Yeye hajarusha."

Alinitazama, kisha akatikisa kichwa. "Nyinyi wawili, ati hata sasa bado mnabishana!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Namshukuru kwa hilo pia.

Chupa zilisimama mpaka mavuno. Mahindi yalipokauka ilibidi yaingie stoo, na watu wenye magunia walikuwa wakingoja mlangoni. Niliingia peke yangu. Nilizibeba moja moja, nikazipangusa vumbi. Ya nne iliniponyoka, ikaanguka na kubiringika hadi ukutani.

"Hiyo haihesabiwi," nilimwambia mume wangu, nikawafungulia wenye magunia.