Bundu Aliyoikataa Hadassa

Hadassa alikuwa na miaka sita, na chakula chake kilikuwa kimoja tu: bundu. Si bundu na sombe, yaani majani ya muhogo, si bundu na maharage. Bundu yenyewe, unga wa muhogo uliosongwa mpaka ukawa mzito na kuvutika, ukafinyangwa duara na kunyunyiziwa chumvi kidogo. Ukimwekea kitu kingine pembeni, hata kipande cha parachichi, aliisukuma sahani yote. Mama yake, Séphora, alikuwa ameacha kushindana naye. Mwaka ule wa vita, 2001, muhogo ndio ulikuwa mzigo ambao wanajeshi hawakupenda kuupora, kwa kuwa ni mzito na hauuziki upesi. Hata wiki ambazo barabara ilifungwa na soko la Butembo likabaki tupu, unga wa muhogo haukukosekana nyumbani. Séphora aliuona huo kuwa huruma ya Mungu, na huruma nyingine siku zile hakuiona.

Mtoto hakuwa akisema. Alitembea kwa ncha za vidole. Alipanga maharage kwenye mkeka, mekundu upande huu, yenye madoa upande ule, na aliyeyachanganya alijuta. Ndege za mizigo zilipoteremka kwenye kiwanja cha Rughenda, aliziba masikio na kuimba sauti moja isiyo na maneno mpaka kimya kirudi. Jina lake likiitwa, hakugeuka. Baba yake, Sikuli, alikuwa amekwenda kutafuta dhahabu msituni. Alituma salamu mara mbili, kisha salamu zikakatika. Séphora akabaki na mtoto, na shamba la muhogo kwenye mteremko, na mama mkwe wake Julie, ambaye nyumbani wote walimwita mukaka, kama bibi wote wa Wanande wanavyoitwa.

Walikuwa wamejaribu. Hadassa alipofika miaka mitatu, mama mmoja wa mtaa alimkata kwa wembe kile kishikizo cha chini ya ulimi, akisema ndicho kinachofunga maneno. Damu ilitoka, neno halikutoka. Yakafuata majani yaliyotwangwa, asubuhi saba mfululizo, mtoto akioshwa uani huku analia. Ikafuata dawa ya maji kutoka farmasi, ile inayonuka samaki. Halafu chumba cha maombi, ambako mtu mmoja alimkemea pepo kwa makelele karibu na sikio la mtoto, mpaka Hadassa akaanza kugonga kichwa chini, na mtu yule akatangaza kwamba sasa pepo linajibu. Séphora hakungoja amina. Alimnyakua mtoto wake akatoka, na njia nzima alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika hakuweza.

Kwa hiyo wifi yake Hulda alipokuja na habari za mtu mmoja wa mji wa Beni, Séphora alisikiliza akiwa anamenya muhogo, bila kuinua kichwa.

"Anaitwa Kitsa," Hulda alisema. "Iko na unga ya ng'ambo, inakujaka na bafanya biashara. Mutoto ya mwalimu moja alikunywa, wiki tatu tu, akasema 'papa'."

"Ulimusikia na masikio yako?"

"Hapana, mais mutu aliniambia alimusikia."

"Ah. Mutu."

"Séphora, weye ulichoka mpaka unakatala na muzuri yenye inakuja! Kama angekuwa wangu, ningekuwa nilishaenda jana."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomtoa nyumbani. Mama wa mtoto kama Hadassa anaweza kuvumilia kuitwa mchawi. Kuitwa mzembe hawezi. Alifunga vitenge vyake viwili, vile vikwembe vizuri, vya kumlipa huyo Kitsa, akapanda na mtoto juu ya magunia ya lori, akamfunika masikio kwa kitambaa, wakaenda.

Kitsa alikuwa na koti jeupe na picha ya ubongo ukutani, yenye maneno ya Kifaransa. Hakumgusa Hadassa. Alimtazama tu jinsi alivyokuwa akizungusha kifuniko cha kopo sakafuni, kisha akatikisa kichwa kama fundi aliyeona injini aina ile ile.

"Ubongo yake iko na njaa, mama. Haiko ugonjwa. Njaa tu. Inakosa vitamini yake."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba si laana. Séphora alihisi machozi yakimjia, akayameza.

"Atasema?"

"Atasema mpaka utamuomba anyamaze! Lakini sikiya muzuri: akionja hivi, atatema. Banatemaka bote. Unaitia ndani ya kitu yenye anapenda. Anapenda nini?"

"Bundu. Hiyo tu."

"Hiyo tu? Basi, uko na bahati! Mulango iko moja, pitisha dawa pale. Na hapana kumuonesha."

Nchi ile ilikuwa inapokea risasi kwa ndege kila wiki, lakini haikuwa imepokea hata mtu mmoja wa kumkalisha mama huyu chini na kumweleza mtoto wake ana nini. Mahali palipoachwa wazi hivyo, Kitsa alikuwa ameweka meza yake. Séphora alitoa vikwembe, akapokea kopo la unga.

Wakati wa kurudi, kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi kijana aliliona kopo kabla ya kitu kingine.

"Mama, ni maziwa hii?"

"Dawa ya mutoto, chef."

"Dawa gani inanuka biskuti?" Alilamba kidole, akamwita mwenzake, na wote wawili wakajimiminia unga kwenye vikombe vyao vya chai. Kisha akamwelekea Hadassa. "Na huyu hasalimiake bakubwa?"

"Hasemake, chef."

"Eh! Huyu njo raia muzuri. Bale benye kusema njo banatusumbuaka." Walicheka, lori likapita. Kopo lilikuwa limepungua robo. Séphora alilifumbata kifuani kama mtu aliyeokoa kitu motoni.

Kesho yake alisonga bundu jikoni, mlango umefungwa, akatia vijiko viwili vya unga wa Kitsa na kuifinyanga mpaka rangi ikafifia. Alimpelekea Hadassa sahani. Mtoto alishika tonge, akalileta puani, akalirudisha. Hakulia. Aliirudisha sahani mpaka kwenye miguu ya mama yake, akaenda kwenye maharage yake.

Jioni Séphora alipunguza, kijiko kimoja. Ilirudi. Asubuhi, nusu kijiko. Ilirudi. Mchana akaliweka kopo juu ya kabati, akasonga bundu safi, ya muhogo na maji basi, kama ya siku zote. Hadassa aliinusa kwa muda mrefu. Aliisukuma.

Hapo Séphora alikaa chini. Alikuwa ametafuta neno, na sasa amepoteza hata chakula.

Siku ya pili ikapita kwa maji tu. Siku ya tatu Hadassa hakupanga maharage. Alilala ubavu kwenye mkeka akitazama ukuta. Séphora alimbeba mpaka kituo cha afya. Luc, muuguzi kijana wa pale, alimpima mkono kwa utepe wake wa rangi unaoonyesha mtoto aliyekonda, akaukunja.

"Mama Hadassa, nikudanganye ao nikuambie kweli?"

"Bale bengine balishanidanganya. Sema."

"Jina ya hii hali, nilisoma mara moja tu, ku shule: autisme. Ukurasa moja. Haiko pepo, haiko mikrobe, na haiko kosa yako. Ubongo yake inatembea njia yake. Unga ya kumuponesha, hapana, sijaona."

"Kwa hiyo hatasema?"

"Hiyo sijui. Leo hatutafuti maneno. Akule kwanza. Kama mpaka kesho kutwa hakuli, tutamupeleka hôpital, batamupitishia mupira mu pua."

Séphora alimtazama mtoto huyu ambaye kumchana nywele tu kulihitaji watu wawili na asubuhi nzima. Alimwona amelazwa, mikono imefungwa kitandani, mpira ukiingizwa. Alimshukuru Luc, "wasingya," akamfunga mtoto mgongoni, akarudi nyumbani. Njiani alimwona amekuwa mwepesi, na wepesi ule ulimchosha kuliko uzito wowote aliowahi kubeba.

Mukaka Julie alikuwa mlangoni akingoja. Hakuuliza habari za kituo.

"Ulitia nini mu bundu ya mutoto?"

Séphora hakuwa amemwambia mtu. "Dawa, mukaka. Ya Beni."

"Ulimuambia?"

"Nimuambie nini? Mutoto hata jina yake hasikiake!"

"Hasikiake, mais alijua." Mwanamke mzee aliketi kwa shida kwenye kigoda. "Niambie. Mugeni akikuya hapa, unamupa pombe ya kasiksi namna gani?"

Séphora hakuwa na nguvu za mafumbo. "Mukaka, niache."

"Nakuuliza namna gani."

"Naonja miye wa kwanza. Mbele yake. Kisha namupa kikombe."

"Juu ya nini?"

"Juu ajue haina sumu."

"Njo vile. Tangu uliolewa hapa, ulibaonjea bageni, hata bale benye hatupendi. Huyu wako, hata siku moja."

"Mama haonjeake mutoto wake! Miye niko mugeni kwake?"

"Zamani, hapana. Sasa ndiyo." Julie alisema bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Alikupa mulango moja tu ya kuingilia, na weye ukapitia pale na kisu. Anza mwanzo, binti yangu. Anza kama mugeni."

Séphora aliingia ndani, akalala kifudifudi. Alitaka kukasirika, lakini maneno yale hayakumwachia nafasi. Ni kweli: katika yote aliyoyafanya kwa mtoto huyu, wembe, majani, maombi, unga, hakuna hata moja alilolifanya mbele ya uso wake akimwachia nafasi ya kukataa. Baada ya muda aliamka. Alitoa jikoni mafiga matatu, akayapanga uani, akawasha moto mchana kweupe. Majirani walitazama, hakuna anayesonga bundu nje kama hakuna matanga.

Alimweka Hadassa kwenye mkeka hatua tatu kutoka motoni. Alimwonyesha sufuria tupu. Akamimina maji, taratibu. Akafungua mfuko wa unga, akauweka karibu na pua ya mtoto, akaondoka nao. Alisonga huku mwiko ukigonga sufuria, jasho likimtoka. Alilikata donge la bundu, akatia tonge kinywani mwake, akalitafuna mbele ya mtoto, akalimeza, akafungua kinywa kuonyesha kwamba limekwenda. Kisha akaweka sahani kati yao, akaketi.

Hadassa hakuigusa.

Jioni, vile vile. Moto, sufuria tupu, maji, unga, tonge. Hakuigusa. Hulda alipita akasimama uani.

"Sasa hii ni dawa gani tena?"

"Haiko dawa."

"Mais Kitsa alisemaka..."

"Hulda, kama uko na nguvu ya kusema, uko na nguvu ya kupasua kuni. Kuni ziko pale."

Hulda alishangaa, lakini alipasua.

Asubuhi iliyofuata, Séphora alisonga mara ya tatu. Alikuwa amekesha akihesabu pumzi za mtoto. Alikula tonge lake, akafungua kinywa. Hadassa alijiinua kwenye mkeka, akatambaa mpaka kwake, akaleta pua yake kwenye kinywa cha mama yake. Alinusa. Tangu aache kunyonya hakuwa amemkaribia uso hivyo kwa hiari yake. Séphora aliacha kinywa wazi. Mtoto alirudi mkekani akalala. Hakula.

"Umeona?" Séphora alimnong'oneza Julie.

"Niliona. Nyamaza."

Siku iliyofuata ndiyo ilikuwa "kesho kutwa" ya Luc. Mchana Séphora alisonga tena, huku nguo za mtoto za kwenda hôpital zikiwa tayari zimefungwa kando ya mlango. Alipoweka sahani katikati na kuketi, Hadassa alikuja, akamega kipande kidogo kama punje ya mahindi. Hakukipeleka kinywani mwake. Alikisukuma kati ya midomo ya mama yake.

Séphora alitafuna. Alimeza. Alifungua kinywa.

Hadassa alichungulia ndani kwa makini, kama mtu anayekagua mtungi. Kisha akamega kipande kingine, akakinusa, akakitia katika kinywa chake mwenyewe, akafumba macho.

Julie alijishika shavu. Mtoto alimega tena: kimoja kwa mama. Akangoja. Akachungulia. Kimoja kwake. Tena. Hakubadilisha utaratibu. Séphora alipojaribu kumsogezea sahani aendelee peke yake, Hadassa aliacha kula, mkono ukiwa hewani, mpaka mama yake alipofungua kinywa tena.

Ilichukua saa nzima na zaidi. Bundu ilipoa, ikawa ngumu. Tumbo la Séphora, ambalo siku tatu halikuwa limepokea zaidi ya matonge yale ya kuonjea, sasa lilianza kuuma kwa kushiba. Jua lilikuwa kali. Alijiegemeza kwenye ukuta wa udongo, kichwa kikawa kizito.

"Lala kidogo," Julie alimwambia. "Nitakaa naye."

"Na kesho? Na kesho kutwa? Kila tonge itakuwa hivi?"

"Sijui. Pengine mwaka. Lala."

"Nikilala, nani ataonja?"

Kidole kidogo chenye chumvi kilimgusa Séphora mdomoni, kikagonga mara mbili kama mtu anayebisha hodi. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufungwa, na hakuyafumbua. Alifungua kinywa.