Petroli Isiyo na Oili

Bandari ya Nchelenge nilikokulia ilinuka chisense, dagaa wetu wa ziwa Mweru, walioanikwa juani, ilinuka matope ya ukingoni, na juu ya hayo yote ulitanda moshi wa buluu wa injini za boti. Moshi ule ulitokana na petroli iliyochanganywa na oili. Injini za boti zetu hazikuwa na mahali pengine pa kutilia oili. Ukizinywesha petroli tupu, chuma kinasagana na chuma mpaka zinakwama. Pikipiki za kubeba abiria zilikuwa kinyume, zenyewe zilitaka petroli tupu. Kila mtoto wa bandarini aliijua sheria hiyo: boti huchanganyiwa, pikipiki haichanganyiwi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili na nilijiona profesa wa mambo hayo. Ujuaji mwingi mbele kiza, walisema wahenga, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kujua.

Meza ya petroli ilikuwa ya Mama Furaha, mjane aliyevuka kutoka Congo kuja kufanya biashara, jirani wa meza ya samaki ya mama yangu. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili nilikiokota kwake, nikila maandazi yake. Chupa zenye oili alizifunga kipande cha kitenge shingoni, na zisizo na oili aliziacha wazi. Wavuvi hawakunusa wala kuuliza. Wakiona kitenge cha Mama Furaha walitia kwenye injini na kwenda zao mpaka mahali ambapo huoni nchi kavu upande wowote. Siku za mazoezi ya kwaya aliniachia mimi meza, na nilikaa kwenye kigoda chake nikiwa nimenyoosha shingo ili watu wanione.

Kiangazi cha mwaka ule, siku ya kwaya, pikipiki moja ilishushwa kutoka kwenye boti ya Congo, na bandari nzima ikaacha kazi. Ilikuwa ndefu kama ng'ombe, haina taa za pembeni wala kioo, ina tangi kubwa, namba ya mashindano kifuani, na matairi yenye meno ya kung'ata mchanga. Kwenye usukani palikuwa na kisanduku cha kukunjia ramani. Mwenyewe, kijana mpole wa Lubumbashi, alituambia kwamba aliiunda kwa miaka minne, kipande kwa kipande, kwa ajili ya mashindano ya siku nyingi porini, na sasa alitaka kuijaribu kwenye njia ya mchanga ya Puta. Mashindano yalikuwa yamebakiza majuma mawili. Akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, watoto wote nyuma yake.

"Mutoto, esansi hii iko na oili ndani?" akauliza, akigusa chupa ya petroli.

Chupa za oili zilikuwa zimeisha tangu asubuhi. Nikimwambia hivyo, angekwenda meza nyingine na kundi lote lingemfuata. Tena nilimcheka moyoni: mtu mzima huyu hajui hata chakula cha pikipiki yake! Kuuliza si ujinga, lakini mimi nilimhesabu mjinga. Nikainama chini ya meza, nikafungua vitenge kwenye chupa tupu, nikavifunga kwenye chupa tano za petroli tupu.

"Iko, papa. Angalia kitenge."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Akatia zote. Kwa shukrani aliniinua akaniketisha kwenye tandiko, wenzangu wakapiga makofi, nikajiona malkia. Halafu akawasha, kwa petroli kidogo iliyokuwa imebaki kwenye bomba, na moshi ukatoka wa buluu, wenye harufu ileile ya boti. Pua yangu ilielewa papo hapo: pikipiki hii ilikula chakula cha boti. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga, na akaondoka.

Kesho yake adhuhuri alirudi juu ya lori la samaki, mkono umefungwa kwa kitenge cha mtu, pikipiki imelazwa kati ya magunia ya chisense. Injini ilikuwa imekwama akiwa kwenye mwendo mkali, ikamtupa, bega likavunjika. Hakutukana mtu. Aliketi chini tu, akaiangalia pikipiki yake, akalia. Wenye boti ndio waliowaka. Kama kitenge cha Mama Furaha kinaweza kudanganya, walisema, ni nani atakayefia ziwani kesho? Mwenyekiti wao akanigeukia, akaniuliza kama ni mimi niliyevifunga. Watu walikuwa wamebanana mpaka kwenye maji. Nikasema, "Nilivikuta hivyo."

Mama Furaha alinitazama. Kisha akawaambia, "Huyu mutoto hasemake bongo. Pengine ni mimi njo nilikosea." Bongo, kwao, ni uongo.

Basi. Hakuna aliyenunua tena kwake. Kabla ya mvua alivuka kurudi kwao, na siku ya kumsindikiza nilijificha chooni mpaka boti ilipoondoka. Miaka baadaye vita vilimfukuza huko, akavuka tena ziwa lilelile, safari hii akiwa mkimbizi, akapewa shamba Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu bado naitembea.

Leo mimi ni mwalimu hapa Nchelenge. Bandarini wanauza petroli ya kituo, na wavuvi huchanganya oili wenyewe kwa kikombe cha kupimia, hawamwamini mtu. Mwaka jana nilimkuta Mama Furaha sokoni Mantapala, amekonda, anauza mihogo. Alinikumbatia, akafurahi kweli, akaniomba nimchukue Neema, kitinda mimba wake wa ndoa ya pili, akae kwangu asome. Alimwambia binti yake mbele yangu: "Kaa na huyu. Tangu utoto wake, hasemake bongo."

Siku ile ya bandarini nilikuwa mtoto, na nililiogopa kundi la watu. Sokoni Mantapala nilikuwa mtu mzima, na hapakuwa na kundi, tulikuwa sisi watatu tu kwenye kivuli cha turubai. Nikasema, "Asante, mama," nikamshika Neema mkono.