Mama Macho na Viazi Vilivyonyolewa

Saa moja asubuhi, wenzake aliotoka nao zamu ya usiku wameshalala. Yeye amepiga magoti nyuma ya nyumba, gauni la kazi bado mwilini, akishusha kiazi kimoja kimoja mferejini kama anayelaza kichanga.

"Macho juu," ananong'ona. "Tumbo chini, macho juu."

Ndiyo maana majirani wakamwita Mama Macho. Pembeni yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mama mkwe wake, mjukuu wa miezi saba amelala mgongoni mwake.

Mama Macho ni mfuaji wa mashuka hospitalini. Mashine moja ni mbovu mwezi wa nne sasa, kwa hiyo mashuka ya wodi ya wazazi huyafikicha kwa mkono. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji na dawa. "Mgongo huu si wangu tena," anasema. "Kazini wanauazima wakiwa na haraka, wanaurudisha umechakaa."

Bustani yake ni hatua sita kwa nne, kati ya ukuta wa choo na kamba ya nguo. Msimu uliopita ilimpa madebe matatu, na kwa wiki tisa familia haikununua kiazi.

Msimu wa kabla ya huo hakuvuna kitu. Aliweka mbegu kwenye gunia, chini ya kitanda. Gizani zikatoa machipukizi meupe, marefu kama tambi, yakamkatikia mkononi siku ya kupanda.

Kosa likamfunza. Mbegu ya kiazi hutaka mwanga, ila si jua kali. Sasa hupanga viazi kwenye trei za mayai karibu na dirisha, kila kimoja kwenye shimo lake, upande wenye macho mengi, vile vijishimo vya kuchipulia, ukitazama juu. Baada ya wiki nne hivi machipukizi hutoka mafupi, manene, yenye rangi ya zambarau. "Mafupi kama mimi," anacheka. "Hayayumbishwi."

Mwaka huu alitenga viazi arobaini na viwili, vya ukubwa wa yai. Hakuvigusa hata wiki ile sufuria ilipokuwa nyepesi.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kumsaidia kulea, maana mume ni dereva wa lori, nyumbani anafika mara moja kwa mwezi. Asubuhi ya tatu Mama Macho alirudi kutoka kazini akakuta trei tupu. Mezani palikuwa na beseni la viazi vilivyooshwa, laini, vinang'aa.

"Nimekusafishia viazi vyako, mwanangu," mama mkwe alimwambia kwa furaha. "Vilikuwa vimeota ndevu kama vizee! Nimevinyoa vyote. Tunapika leo?"

Mama Macho alikaa kitandani, viatu miguuni.

"Ahsante, mama," akasema.

Kisha akachukua kanga kuukuu, akaanza kuvikausha kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye trei. Machozi yalimtoka bila sauti. Mama mkwe akashangaa.

"Mbona unavirudisha kulala?"

"Ni mbegu, mama."

Bibi akashika kichwa. "Ole wangu! Nimewatoboa macho watoto wa watu!"

"Siku mbili chakula hakikumpita kooni," anakumbuka Mama Macho. "Mwenye msiba mimi, na mbembelezaji mimi. Ningemkaripia vipi? Aliamka na mgongo wake ule, akainama, akidhani ananipunguzia kazi."

Kiazi kikinyolewa huwa na macho mengine yaliyolala. Lakini kuyaamsha kunataka muda, na mvua haimsubiri mtu. Tangu siku ile bibi akawa mlinzi wa trei: jua likisogea, naye anazisogeza. Mama Macho aliwahi kumsikia akiviambia, "Fungueni, wanangu, sirudii tena."

Vitano vilioza kwa yale maji. Thelathini na sita vimechipua upya, vyembamba, vimechelewa wiki tatu. Mvua imeshanyesha mara mbili. Ikikatika mapema, trei za mwakani zitakaa na mayai tu.

"Hiki kinatazama wapi?" bibi anauliza, akimpa kingine.

"Juu, mama, kama wenzake."

"Nauliza, nisije nikaua mara ya pili."

Mama Macho anasema akipata hata madebe mawili, kwanza atajaza trei tatu za mbegu, kabla ya mtu yeyote kuonja. Halafu ataomba siku nne za mapumziko. "Ya kwanza nilale. Ya pili nilale. Ya tatu ndo nianze kufikiri." Anasema hivyo amefumba macho, na kwa kitambo hayafumbui.

Kimebaki kiazi kimoja kisicho na chipukizi hata moja. Mama Macho anakiweka kando.

"Na huyu?"

"Huyo hana jicho, mama. Ni wa sufuria."

Bibi anakiokota, anakifuta kwa kiganja. "Mimi nami sikuona. Mbona hukunitia sufuriani?"

Mama Macho anamtazama. Anacheka kicheko cha mtu aliyechoka, kisha anachimba shimo la mwisho, ukutani kabisa.

Bibi anainama mwenyewe kukiweka. Anasita.

"Nikielekeze wapi?"

"Popote, mama. Kikiamka, juu kitapajua."