Masizi Kichwani kwa Mbodze

Kila alfajiri, kabla mtu hajatoka nje, Mbodze alikwangua masizi chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta ya nazi, akajipaka kichwani mpaka mvi zote zikapotea. Kisha alijifunga leso. Alianza hivyo tangu shemeji yake, Mzee Katana, alipokatwa mapanga mlangoni pake. Watu walisema mzee huyo alikuwa mchawi: kichwa cheupe, macho mekundu, walitaka ushahidi gani tena? Matanga hayajaisha, shamba la Katana likapata mwenyewe mpya, na huyo mwenyewe alikuwa mwanawe.

Mbodze naye alikuwa na shamba hapo Minjila. Na mwana pia alikuwa naye.

Mvi aliweza kuzificha. Macho yalimshinda. Jicho la kushoto liliingia ukungu, la kulia likawasha na kutoa machozi, jekundu kutwa. Alisingizia moshi wa kuni. Kupimwa hakwenda. Hospitali huuliza umri, tena kwa sauti, na benchi limejaa majirani.

Halafu ndama alikufa, na mjukuu wake Hope akashikwa na homa. Mwanawe, Kaingu, akawa anashusha sauti kila mama yake akipita. Jioni moja Mbodze alimsikia nyuma ya jiko akiongea kwa simu: "Kesho tunamleta. Hajui lolote. Akijua hatatoka."

Hakuuliza. Alilala na kinu nyuma ya mlango.

Asubuhi alikuja Nelly, mke wa Kaingu. "Mama, vaa leso nzuri. Twende Garsen."

"Garsen kuna nini?"

"Wamekuja madaktari wa macho. Wanatibu wazee bure."

"Bure? Wewe hata chumvi wanipimia kwa ncha ya kidole."

Nelly alicheka. "Chumvi ni presha, mama."

Kwenye pikipiki walimweka katikati ya dereva na Nelly. Aliikodolea njia kwa jicho lake bovu. Wakikata kona ya kwenda kwa mganga anayefichua wachawi, ataruka. Walipita kona. Hakutulia, hata ng'ombe wa kuchinjwa hupitishwa barabara kuu.

Kwenye kituo cha afya kweli palikuwa na wazee, na kati yao Mumina, muuza maziwa aliyejua habari za kila boma.

"Mbodze! Kumbe na wewe umezeeka?"

"Nimemsindikiza mkaza mwanangu," Mbodze akamjibu, akapita haraka.

Ndani, muuguzi aitwaye Dorothy alimkalisha. "Bibi, una miaka mingapi?"

"Hamsini."

"Na mwanao wa kwanza?"

"Arobaini na tisa."

Nelly alikohoa. Dorothy aliifungua leso taratibu. Jasho lilikuwa limechora mstari mweusi kutoka kwenye nywele hadi kwenye kope. Aliupangusa kwa pamba yenye maji, akamsogezea Mbodze ile pamba karibu na uso.

"Jicho la kulia linaliwa na hiki, bibi. Moshi umeonewa. La kushoto ni mtoto wa jicho, na leo hii daktari anaweza kumtoa. Ila tuoshe kichwa kwanza, na usijipake tena. Masizi haya yakiingia kwenye kidonda, jicho litaoza."

Mbodze alimgeukia Nelly. "Ulijua najipaka?"

"Foronya zako hufuliwa na nani?"

"Na Kaingu? Anajua?"

Nelly alitazama mlango. "Kaingu anajua unaumwa macho."

Hilo halikuwa jibu. Mbodze aliokota leso yake. "Niacheni nipofuke. Nimezoea."

"Sawa," Nelly alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Lakini wakija na mapanga, mama, hutajua ni nani aliyetangulia."

Nje Mumina alikuwa akicheka na mtu. Maneno ya Nelly yalikuwa ya mtu anayemhurumia, au ya mtu anayejua kitu? Huo uso mbele yake ulikuwa ukungu mtupu, haukumwambia chochote. Hilo ndilo lililomwamulia.

"Nioshe," alimwambia Dorothy. "Lakini funga mlango."

Alipasuliwa jicho la kushoto, akalala kituoni. Kesho yake Dorothy alibandua bandeji. Mbodze aliona vifungo vya sare, kisha ufa ukutani, kisha mwanamume amesimama mlangoni. Alikuwa Kaingu. Miaka mingi hakuwa ameuona uso huo vizuri. Umekuwa wa baba yake.

"Waona, mama?"

"Naona."

Kaingu alitabasamu. Lakini hakulitazama jicho. Macho yake yalikuwa yamepanda juu, kwenye kichwa cheupe kama pamba, yakakwama hapo.

Nelly alikunjua leso upesi amfunike. Mbodze alimshika mkono.

"Mwache atazame," alisema. "Nami namtazama."