Sauti ya Baba Mdogo Yona

Mwaka ule kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa, nikiwa jikoni hapa Shard End, huku ughaibuni, paketi ya unga wa ngano ilinipasukia mikononi. Unga ukanijaa usoni. Mjukuu wangu Neema alicheka hadi akakaa sakafuni. Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa kila kicheko cha mtoto huyu, lakini siku hiyo nilipandwa na hasira hata nikajiogopa. Harufu ile ilikuwa ya Baba Mdogo Yona.

Nilipokuwa na miaka tisa, gari la sinema lilituletea Taveta filamu za kuchekesha. Baba mdogo aliigiza katika nne, na katika zote alikuwa yule yule: mtumishi mjinga anayejikwaa na kumwagikiwa unga. Jina lake halikuandikwa popote. Filamu zilikuwa bubu, kwa hiyo mtu wa gari alishika kipaza sauti akamsemea, kwa sauti ya puani, kama mbuzi mwenye mafua: "Bwana mkubwa, kichwa changu mimi ni kibuyu." Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Baba mdogo alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, akitazama.

Sauti yake mwenyewe ilikuwa nzito na tulivu. Alitaka jambo moja tu, kusoma Neno kanisani. Mchungaji alimzungusha muda mrefu.

"Yona, watu watacheka."

Hatimaye akamruhusu. Wiki nzima baba mdogo aliisoma zaburi yake jikoni kwetu, akipiga pasi shati lile lile.

Jumapili akasimama, akasoma mstari wa kwanza. Kanisa likatulia. Walikuwa wanamsikiliza. Nami, kwenye benchi la watoto, nikabana pua: "Bwana mkubwa, kichwa changu mimi ni kibuyu."

Wakacheka wote, hata wazee wa kanisa. Alingoja wanyamaze. Hawakunyamaza. Akafunga kitabu, akaketi, wala hakuomba kusoma tena. Jioni alinimegea muhogo wake, kama siku zote.

Miaka mingi nilimkasirikia mtu wa kipaza sauti. Nilimwombea huku nimeuma meno. Uzeeni ndipo nilipokubali kwamba kanisani yeye hakuwepo.

Siku ile ya unga nilimsimulia Neema haya yote. Yeye, ambaye hunijibu kwa Kiingereza, safari hii aliuliza kwa Kiswahili: "Babu, alikuwa anasoma aje?"

Nikafungua zaburi ile nimsomee kama baba mdogo. Nikaitafuta sauti yake. Iliyokuja ni ile ya puani.