Shukrani za Ukurasa wa Kwanza

Siku Nesrine alipotetea tasnifu yake ya udaktari, mimi ndiye niliyebeba sinia la keki za baklawa. Nasema hili mapema ili mtu asije akanisuta kwamba nilikuwapo nikanyamaza. Nilikaa safu ya pili, nikapiga vigelegele mpaka koo likakauka, na majaji walipotoka kwenda kushauriana nilikuwa wa kwanza kufunua vyakula. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisoma ile tasnifu. Huku kwetu Konstantina watu huja kwenye utetezi kula, kulia na kupiga picha.

Keki zote alizipika Zoulikha, khalti yake, dada wa mama yake. Siku tatu nzima alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

Nilifanya kazi na Zoulikha miaka ishirini na sita katika sekondari ya wasichana, mimi nikifundisha jiografia, yeye akitunza maktaba. Hakuolewa, na aliyeuliza kwa nini alijibiwa, "Nani angevumilia madaftari yangu?" Wasichana walimwogopa kuliko mkuu wa shule. Ukimpelekea insha yenye sentensi iliyokuzidi umri, anaiwekea kidole. "Hii umeitoa wapi?" Ukisema umeitoa kichwani mwako, anakwenda kwenye rafu, anarudi na kitabu chenyewe, kimefunguliwa ukurasa wenyewe. Hagombi. Anakuambia tu uandike pale chini nani kasema, wapi na lini. Nesrine alipitia kidole hicho kama wengine, tena mara nyingi zaidi, maana alikuwa akija maktaba kila siku baada ya masomo.

Kila msimu wa mawaridi, Zoulikha alizunguka nyumba za mji wa zamani, kwa wanawake wanaopika marashi katika majungu ya shaba. Aliandika wanavyosema, kwa maneno yao wenyewe, na jina la kila mmoja. Wanawake kumi na tisa, madaftari kumi na moja. Alikuwa anaandaa kitabu. Nesrine alipohangaika kutafuta mada ya udaktari, khalti yake alimwazima madaftari yote. Nilimwambia, "Zoulikha, angalia." Akanijibu, "Ni damu yangu, Houria. Nisipompa yeye nimpe nani?"

Kitabu kilipokamilika, wanawake kumi na wanane walikuwa wameshafariki. Alibaki Bi Aldjia peke yake, Lalla Aldjia kama tunavyomwita kwa heshima, miaka tisini na mmoja, ulimi bado mkali. Kila Zoulikha akipita alimpokea hivi: "We binti wa maktaba, jina langu limeingia kitabuni, au unangoja niingie kaburini kwanza?" Zoulikha alimwahidi kwamba ataligusa jina lake kitabuni kwa mkono wake mwenyewe. Alipeleka mswada kwa mchapishaji wa hapa mjini, akaanza kuhesabu siku.

Baada ya wiki mbili simu ililia. Nilikuwa jikoni kwake, tunamenya maharage mabichi, akaiweka spika.

"Bi Zoulikha, naona haya kukuambia," mchapishaji alisema. "Tuna programu inayokagua maandishi. Inasema karibu nusu ya kitabu chako imenakiliwa kutoka tasnifu ya Daktari Nesrine. Nakuheshimu sana, lakini siwezi kuchapa kazi ya wizi."

Zoulikha alicheka. Kisha akaona mimi sicheki.

Tuliipata tasnifu siku hiyo hiyo. Ukurasa wa kwanza, kwenye tabaruku, paliandikwa: *Kwa khalti yangu Zoulikha, nuru ya macho yangu, aliyenifundisha kupenda harufu ya marashi.* Zoulikha alifuta machozi, maskini, machozi ya furaha. Akafungua ukurasa wa pili, wa kumi, wa mia. Jina lake halikuwamo tena popote, si kwenye tanbihi, si kwenye marejeo. Mambo yote yalitoka kwenye "utafiti wangu wa nyanjani." Majina ya wanawake yalifutwa, wakawa mhojiwa wa kwanza, mhojiwa wa pili. Lalla Aldjia alikuwa mhojiwa wa saba. Na mhojiwa wa tatu tulimzika wakati Nesrine ana miaka miwili. Sijui alimhoji vipi, labda na chupa ya maziwa mdomoni.

Tulimkuta Nesrine ofisini kwake chuoni, jina lake limebandikwa mlangoni.

"Lakini khalti, nimekushukuru!" alisema, na naapa alishangaa kweli. "Ukurasa wa kwanza kabisa! Kabla hata ya baba!"

"Umenishukuru kwa harufu, mwanangu. Kazi umesema ni yako."

"Nilibadilisha maneno."

"Palipoandikwa 'akasema' umeweka 'alieleza.'"

"Kila mtu anafanya hivyo, khalti. Mtu akikusaidia unamtaja kwenye tabaruku, basi. Sasa nani angemtaja khalti yake kwenye tanbihi? Majaji wangenicheka!"

Zoulikha hakubishana. Aliomba kitu kimoja tu, barua kwa mchapishaji, mistari miwili ya ukweli. Nesrine akapauka. "Watanivua shahada. Kazi itakwenda. Wewe umeshastaafu, khalti, mimi ndiyo kwanza naanza." Halafu akainama, akamshika mkono. "Kuna njia rahisi. Kila penye maneno yanayofanana, weka tanbihi useme yametoka kwangu. Programu itanyamaza. Mimi nakuruhusu."

Anamruhusu! Nilitamani kumzaba kofi, na mpaka leo najuta kwamba sikumzaba.

Njiani nilimkokota Zoulikha mkono. "Madaftari yana tarehe! Twende kwa mkuu wa kitivo!"

"Kesi itachukua miaka mingapi, Houria?"

"Hata ikichukua mitano!"

"Aldjia hana mitano."

Aliziandika mwenyewe, tanbihi arobaini na tatu. Mwanamke aliyefundisha nusu ya wasichana wa mji huu kusema ukweli chini ya ukurasa aliketi akaandika uongo arobaini na tatu, kwa mwandiko wake mzuri. Mimi nilimkasirikia wiki mbili, sikumpigia hata simu.

Kitabu kilitoka, tukampelekea Lalla Aldjia. Hajui kusoma. Zoulikha alimshika kidole, akakiweka juu ya jina, na bibi alicheka kama msichana. "Nisomee niliyosema!" Zoulikha akamsomea jinsi alivyokuwa akimfukuza mumewe nyumbani siku tatu kila msimu, kwa sababu sigara yake iliharibu marashi. Bibi alipiga paja kwa furaha. Kisha kidole kikashuka.

"Na haya maandishi madogo huku chini?"

Zoulikha hakuweza kudanganya mara ya arobaini na nne. "Yanasema maneno haya nimeyapata kwa Nesrine."

"Mtoto wa dada yako? Alikuja lini hapa?"

"Hakuja, Lalla."

Bibi aliondoa kidole. "Nilikuambia wewe mambo ya nyumba yangu," alisema. "Ukampa mtu, akasema ni yake. Na wewe umeandika katika kitabu kizima kwamba ni kweli?"



Lalla Aldjia alikifunga kitabu, akamrudishia. "Chukua," alisema. "Mpelekee huyo Nesrine."